Kona Yenye Taa Nzuri

Kama una mtoto mpole, asiyekusumbua, asiyejibizana, anayetoka kazini akaingia ndani moja kwa moja, usikimbilie kushukuru. Kwanza kaa naye. Elimu yangu ni ya msingi tu na kalamu sikuizoea, lakini hili nimeona bora niliandike kuliko kulisimulia mlangoni. Mlangoni watu wanakukata kauli, na wengine wanakuambia pole kabla hujafika penye maumivu.

Binti yangu ni fundi cherehani. Anashona kwenye karakana ya sare za shule na mashati ya kazi, chumba kirefu chenye madirisha ya juu, cherehani zimepangwa kwa safu kama madawati. Kila fundi anatazama mgongo wa mwenzake. Wa mbele kabisa anaunga mabega, anampasia wa nyuma yake atie mikono, huyo anampasia wa kola, na kuendelea hivyo mpaka kile kitambaa kinafika mwisho wa safu kikiwa shati. Binti yangu alikuwa wa kola. Mstari wake ulinyooka hata wenzake wakambandika jina la Rula, nalo likamganda, mpaka mimi mwenyewe niliyemzaa namwita hivyo.

Mimi ni wa mwisho kabisa. Mashati yakikamilika huletwa nyumbani kwangu kwa mafurushi, nami nakaa mlangoni penye mwanga na mkasi mdogo, nakata nyuzi zinazoning'inia. Ni kazi isiyotaka nguvu, inataka macho. Ukikaa nayo sana unawajua watu kwa mishono yao kama unavyowajua kwa mwendo. Yule anayetia mikono, akigombana na mumewe, uzi wake unakaza mpaka kitambaa kinakunja uso. Na nyuma ya Rula kulikuwa na mwanamke wa matundu ya vifungo, wanamwita Redio kwa sababu hazimwi. Huyo akicheka sana, tundu linakuwa kubwa, kifungo kinachezea.

Redio alikuwa anazungumza na mgongo wa binti yangu kutwa.

"Rula, unajua mkwe wangu kafanya nini jana? Usigeuke, utapindisha! Sikiliza tu."

Basi anamwaga yote, ya mkwe, ya paka, ya jino lake la nyuma linalouma na hataki kuling'oa kwa sababu anasema limemzoea. Rula anacheka bila kugeuka. Redio mwenyewe aliniambia: "Mabega yakitikisika, najua imeingia."

Wakaishi hivyo, mgongo na mdomo, na mambo yakaenda vizuri.

Halafu msimamizi wa karakana akaja kwangu, yeye mwenyewe, na furushi begani. Si kawaida yake.

"Mama, leo nimekuja na habari," akasema. "Binti yako nimempandisha. Wengine wote pale wanapiga soga, yeye kichwa chini. Nimempa kona, yuko peke yake, hakuna wa kumbughudhi. Ina taa nzuri, ina kiti cha kuegemea. Atashona nguo za oda, anaanza mwenyewe, anamaliza mwenyewe."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nikamwambia Mungu akuzidishie. Nani asingefurahi? Mtoto amefiwa na baba bado mdogo, amesoma kwa tabu, leo ana kona yake.

Aliyekasirika alikuwa Redio peke yake.

"Mmenichukulia masikio yangu!" akapiga kelele siku cherehani ilipohamishwa. "Sasa mimi niongee na ukuta?"

"Ongea na matundu yako," msimamizi akamjibu, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Hakuna aliyeangalia kona ile inaelekea wapi. Inaelekea ukutani. Kutoka siku ile, aliyebaki na ukuta alikuwa binti yangu.

Nyumbani mabadiliko yalikuja polepole, na ndiyo maana nawaambia. Yangekuja kwa kishindo ningeruka. Alianza kuacha chakula, kwanza nusu sahani, baadaye akawa anakisogezasogeza tu kama anatafuta kitu alichokidondosha ndani. Nywele akazifunga kitambaa, na kitambaa kikawa kilekile. Alikuwa anapenda kuoga, jamani, mtoto wa kumaliza ndoo nikamgombeza. Sasa nikawa namkumbusha mimi. Akirudi kazini analala jua halijazama, uso ukutani, na asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Simu ikiita anaigeuza kifudifudi na kuipapasa kidogo mgongoni, kama anamlaza mtoto.

Jirani ninayepakana naye ukuta akanisifia: "Mwenzangu wewe umejaliwa. Wangu mimi hatulii, mguu ndani mguu nje. Wako katulia, utadhani hayupo."

Utadhani hayupo. Niliyafurahia maneno hayo, nikaenda nayo sokoni.

Kwa kuwa nilimwona amechoka, nikamwondolea kazi za nyumbani. Usifue, nitafua. Usichote maji. Usiende dukani, kuna foleni. Nikawafukuza na wageni kwa ustaarabu. Jumapili moja Redio alikuja, viatu mkononi kwa sababu vilikuwa vinambana.

"Hodi! Yako wapi masikio yangu?"

"Amelala, mwanangu. Mwache apumzike, kazi inamchosha."

"Mama, mbona kila nikija amelala? Amekuwa blanketi, mpaka baridi ije ndio mtu anatolewa?"

Nikacheka, nikampa maji, nikamsindikiza. Alipofika kwenye kona ya barabara aligeuka akaangalia dirisha la Rula, akavaa viatu vyake, akaenda zake akichechemea.

Angalia tulivyofanya, kwa nia njema yote. Tulimpunguzia kelele, tukampunguzia kazi, tukawa tumempunguzia watu.

Nguo za oda nazo zilikuwa zinapita kwangu kukatwa nyuzi. Asubuhi moja nikashika blauzi nyeupe, nikainyanyua kwenye mwanga niione kola. Ilikuwa imenyooka kama kawaida yake. Lakini pembeni mwa uzi niliona vitobo. Mnajua mshono ukifumuliwa, kitambaa kinabaki na alama ya sindano. Hapa palikuwa na safu ya uzi, na safu nyingine ya vitobo vitupu, na nyingine tena, zote zimebanana mahali pamoja, zimenyooka zote. Nikachukua blauzi ya pili. Vilevile. Nikachukua sketi, nikatazama kiuno chake. Vilevile.

Jioni nikamwonyesha.

"Rula, hii kola uliifumua?"

"Ilikuwa imepinda."

"Ukaishona tena, ukaifumua tena?"

"Ilipinda tena."

"Mwanangu, mbona vitobo vyote vimenyooka? Ilikuwa sawa tangu mwanzo."

Akaichukua, akaitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinijibu kwa upole kama mtu anayemficha mgonjwa ugonjwa wake.

"Wewe huoni, Mama."

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Mtoto akipiga chafya nashika paji la uso. Lakini wasiwasi wangu ulikuwa umezoea homa na magari, haukujua kuogopa vitobo vya sindano. Nikajiambia ni umakini. Halafu nikawa siwezi kula.

Kesho yake nikajifanya narudisha furushi mwenyewe, nikafika karakana saa ya chakula. Mafundi wote walikuwa nje, wamekaa kivulini kando ya ukuta, sahani mapajani, Redio amesimama katikati anaigiza mkwe wake anavyotembea. Nikapita, nikaingia. Chumba kirefu, cherehani zote zimenyamaza, viti vimesukumwa ovyo. Mwisho kabisa, konani, taa inawaka mchana kweupe, na mgongo wa mwanangu.

Hakuwa anashona. Alikuwa ameshika kiwembe cha kufumulia, anakata uzi mmoja mmoja, anauvuta, anauweka pembeni. Kando yake kulikuwa na kilima kidogo cha nyuzi nyeupe. Alikuwa akinong'ona, midomo inacheza. Nilisimama pale sijui muda gani. Kicheko kilikuwa kinatoka nje kinaingia kwa madirisha ya juu, kinapita juu ya kichwa chake. Nilishindwa kumwita. Niliona kama nikimwita atageuka mtu mwingine.

Nikamfuata msimamizi.

"Huyu hali mchana?"

"Anasema hana njaa. Mama, huyu ningepata kama yeye watano, ningefunga mdomo wa kila mteja."

"Anafumua kazi nzuri."

"Si ndiyo umakini huo? Anachelewesha kidogo, lakini kazi safi." Akanipigapiga begani. "Usijitafutie presha."

Nikarudi nyumbani. Njiani watu walinisalimia, nikaitikia, na wala sikumbuki ni nani.

Siku mbaya haikuja na dalili yake. Ilikuwa asubuhi ya kazi kama nyingine. Nikachemsha chai, nikamwita, hakutoka. Nikafungua mlango. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo za kazi, kiatu kimoja mguuni. Mapajani alikuwa na blauzi ya mteja, kola imefumuliwa mara nyingi hata kitambaa kimekata tamaa, kimeachia, kimebaki nyuzinyuzi. Kiwembe alikuwa nacho mkononi.

Nikakaa chini, sakafuni, karibu na magoti yake.

"Leo huendi?"

"Nimeiharibu, Mama. Haiwezi kushonwa tena."

"Kitambaa tu hicho. Kinauzwa."

Akatikisa kichwa. Chai ikaanza kupoa jikoni, nikasikia harufu yake ikipungua. Halafu akasema, "Nimechoka kuwapo."

"Kuwapo wapi, mwanangu? Kazini?"

"Popote."

Naomba mama mwenzangu uelewe. Mtu akikuambia hivyo usimwambie usiseme hivyo. Ulimi wangu ulikuwa umeshafika hapo, nikaung'ata. Usimwambie watu wana shida kubwa kuliko zake. Nilinyoosha mkono nikasema, "Nipe hicho kiwembe, nina nyuzi za kukata." Mkasi wangu ulikuwa mfukoni na yeye aliuona. Akanitazama, akanipa. Nikakitia kwenye gauni langu, nikabaki nimeshika goti lake.

Nilitaka kwenda zahanati lakini sikuweza kumwacha, na kumkokota peke yangu nisingeweza. Ndugu zetu wako mbali. Nikachukua simu, nikapiga jina la pekee lililonijia.

"Redio, mwanangu, njoo nyumbani."

Hakuuliza kuna nini. Nilisikia cherehani ikizimwa, na sauti ya msimamizi kwa nyuma, "We, unakwenda wapi?" na yeye akijibu, "Kutafuta masikio yangu!"

Alipofika alimvisha Rula kiatu cha pili. Tukatoka watatu. Kuna njia nyembamba inakatiza nyuma ya nyumba, haipiti wawili sambamba, basi mimi nikatangulia, Rula katikati, Redio nyuma. Tulipofika katikati ya njia nikamsikia kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

"Rula. Usigeuke. Sikiliza tu."

Akaanza habari za jino. Liliamka vipi, lilimfanyia nini, alivyolisemesha. Alizungumza njia nzima na mgongo ule. Mimi niligeuka mara moja kutazama mabega. Hayakutikisika. Lakini alikuwa anatembea.

Zahanati muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshikwa na uzi. Nikamwambia hana homa, hana tumbo, apimwe nini sijui. Yeye akaweka kalamu chini.

"Unalala saa ngapi, dada?"

"Analala mapema sana," nikajibu.

"Chakula je?"

"Hali, nesi, anachezea tu."

"Mama," akasema, "nakuona una uchungu. Lakini mwache ajibu mwenyewe."

Nikafunga mdomo. Nilidhani atamuuliza mambo ya kichwa, kama anasikia sauti, kama anajua leo ni siku gani. Badala yake akamuuliza mambo ya kila siku ya mtu. Unakula na nani? Peke yangu. Mara ya mwisho kucheka ni lini? Sijui. Kuoga kunakuwaje? Kuzito, ndoo naiona mbali. Kazini unakaa wapi? Hapo Rula akainamia viatu vyake.

"Kwenye kona."

"Unamwona nani ukiwa hapo?"

"Ukuta." Halafu machozi yakaanza kumshuka, bila kelele, na mimi nikataka kuruka, na Redio akanikamata gauni kwa nyuma akanikalisha.

Muuguzi akatuambia kwamba ugonjwa huu una jina na una dawa, na atampeleka kwa daktari wa ugonjwa huo. Akasema dawa peke yake isipewe mzigo wote. "Haukai kichwani tu. Mtaukuta kwenye sahani, kitandani, bafuni, kazini. Basi na kupona kutaanzia hukohuko." Akanigeukia. "Na wewe, mama, unalala?"

Nikasema ndiyo. Akanitazama juu ya miwani. Nikasema hapana.

Daktari alimwona, akampa dawa, akampa na siku za kurudi kuzungumza naye. Nilikaa naye nyumbani. Blauzi ya mteja niliipeleka mimi karakana, na nikaona niongee na msimamizi papo hapo.

"Akirudi, mrudishe kwenye safu."

"Mama, hiyo ni kumshusha cheo. Watu watasemaje?"

"Mshushe."

"Ile kona ina taa..."

"Taa haina mdomo," nikamwambia. "Mrudishe mbele ya Redio, kwenye kelele."

Akakuna kichwa. Si mtu mbaya yule. Alikuwa ameshika ile blauzi, anaipitisha kidole kwenye vitobo, na nadhani ndipo alipoanza kuviona.

Waliandaa kiti chake. Siku ya kwanza Redio alipiga meza kwa kikopo cha vifungo: "Haya, masikio yamerudi, tuyalishe ya tangu mwezi uliopita!" Wote wakacheka. Rula hakucheka. Alishona kidogo, akachoka, akarudi nyumbani mchana. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu na sitawadanganya. Kuna asubuhi anaamka na kuomba chai. Kuna asubuhi anageukia ukuta, nami nakaa sakafuni pale pale, nashika goti. Dawa ya kwanza ilimkausha mdomo, ikabadilishwa. Mimi nikasikia nyumba ilivyo kimya, maana sasa nilikuwa naisikiliza.

Jumamosi iliyopita Redio alikuja kumchukua. Wanakwenda kwake kufua, eti mashuka yamemshinda.

"Nije nikusaidieni?" nikauliza. Mkoba ulikuwa tayari begani.

"Mama, wewe kaa," Redio akasema. "Nikimrudisha na nundu hata moja, ning'oe hili jino bila ganzi."

Rula alinigusa mkono. "Nitarudi, Mama." Akanitazama alipokuwa akisema, hilo nililiona.

Wakatoka. Nikasimama mlangoni, nikawatazama mpaka kona ya barabara. Redio alikuwa nyuma, mikono inarushwa hewani, kwa hiyo alikuwa anasimulia kitu. Nikatafuta mabega. Walikuwa wameshafika mbali na macho yangu si yale, sikuweza kujua.

Nyumba ikabaki na mimi. Sahani mbili kwenye beseni, kitambaa chake cha kichwa kwenye kamba, kimefuliwa. Nikatamani kumpigia simu, nikaiweka simu chini ya mto, nikafungua furushi ili mikono ipate la kufanya.

Mashati ya shule. Nikakata nyuzi za mikono, nikakata za vifungo. Matundu ya Redio yalikuwa makubwa kupita kiasi, nikajua wiki hii amecheka. Katikati ya furushi nikakuta shati ambalo kola yake imekwenda kombo. Si sana. Mstari unaanza vizuri, ukifika nyuma ya shingo unayumba upande kama mtu aliyeguswa bega ghafla, halafu unarudi. Mwisho wa uzi umefungwa kwa namna yake Rula, ninayoijua hata gizani.

Nikainyanyua kwenye mwanga. Nikatazama pembeni mwa uzi, juu, chini. Safu moja tu. Aliupindisha, akauona, akauacha, akampasia mwenzake.

Nikakata uzi uliobaki unaning'inia, nikalikunja shati na kola yake vile vile, nikaliweka juu ya mengine.